Si unato wa gundi unaoyashika mafuta
Ni rahisi kudhani kwamba gundi ya mgunga huzuia mafuta yasijitenge na maji kwa sababu ya unato wake. Sivyo. Kazi hiyo hutegemea hasa protini, ambayo ni takriban asilimia 2 tu ya gundi yenyewe: protini hujishikiza kwenye tone la mafuta, huku matawi ya sukari yaliyoungana nayo yakitandaa majini na kuyazuia matone yasiungane. Ndiyo maana gundi nyingine za mimea huboreshwa kwa kuunganishwa na protini. Kuzichanganya tu mara nyingi hakutoshi, kwa kuwa mvuto wa chaji za umeme unaozishikanisha hulegea chumvi au uasidi unapobadilika. Lakini kimeng'enya cha lakasi kinaweza kuifunga pektini ya kiazisukari (mojawapo ya gundi hizo) na protini kwa kifungo cha kikemikali kilicho imara zaidi, kwa kuunganisha asidi ya feruliki iliyo kwenye pektini na tirosini, mojawapo ya asidi amino zinazounda protini.