Nusukaputi ya samaki: chewa wa kilo 100 anapimwaje?

Nusukaputi ni dawa ya kumlaza mgonjwa asisikie maumivu wala asijue anachofanyiwa. Binadamu huivuta puani au huchomwa mshipani. Samaki huwekewa majini, akaivuta kwa matamvua, njia ile ile anayopatia oksijeni. Maji ndiyo yanayomlaza, na maji ndiyo yanayomwamsha.

Samaki mdogo wa tangi la sebuleni hukamatwa kwa kijiwavu akatazamwa, basi. Chewa wa kilo 100 hashikiki hivyo. Akipapatika hujichuna ule ute wa ngozini ambao ndio ngao yake ya kwanza dhidi ya vijidudu, na damu yake hubadilika palepale: sukari hupanda, asidi ya misuli hupanda. Ukiichukua wakati huo, majibu yatakueleza habari za purukushani kuliko za ugonjwa. Ndiyo maana daktari wa matangi makubwa huanza na usingizi.

Dawa inayotumika sana ni MS-222, unga mweupe unaoyeyuka majini. Huyafanya maji kuwa na asidi, kwa hiyo huchanganywa na sodiamu baikaboneti. Nyingine Waswahili tunaijua zamani: mafuta ya karafuu. Yujenoli iliyomo, ile inayotia ganzi jino ukitafuna karafuu, humlaza samaki pia. Tatizo ni kwamba mafuta na maji havipatani, hivyo huyeyushwa kwanza katika alkoholi. La sivyo yataelea juu, na samaki abaki chini macho makavu.

Hesabu hufuata wingi wa maji. Kwa kipimo cha miligramu 80 za mafuta kwa lita, ndoo ya lita 10 hutaka gramu 0.8 tu. Tangi la lita 2,000 la kumlazia chewa hutaka gramu 160. Hakuna anayetia dawa hiyo kwenye tangi kuu la maonyesho lenye samaki wengine mamia. Mgonjwa huhamishiwa tangi la pembeni. Akiwa hahamishiki, dawa iliyokolezwa hunyunyiziwa moja kwa moja kwenye matamvua.

Dakika za mwanzo huhangaika kidogo. Kisha anaanza kuinama ubavu kama mashua iliyoingia maji. Ukimbana shina la mkia hashtuki. Hapo mtu mmoja hana kazi nyingine ila kuhesabu vifuniko vya matamvua vinavyofunguka na kufunga. Vikisita, mpira wa maji safi hutiwa kinywani, maji yapite na kutokea matamvuani. Moyo wake huweza kuendelea kupiga hata pumzi ikishasimama, ndiyo maana bado anaokoleka.

Wengine wanafanya kazi haraka. Ute unakwanguliwa ubavuni na kutazamwa kwa hadubini. Ncha ndogo ya tamvua inakatwa. Damu inavutwa chini ya mkia, sindano ikielekezwa kwenye uti wa mgongo. Mashine ya ultrasaundi haihitaji hata ile jeli wanayopakwa wajawazito, kwani maji yenyewe hupitisha sauti. Kipimo huelekezwa tumboni bila kugusa ngozi.

Mara nyingi jibu hutoka kwenye ule ute. Wakionekana minyoo bapa wanaong'ang'ania ngozi, dawa ni prazikwanteli, hiyo hiyo wanayomeza watoto wetu shuleni kwa ajili ya kichocho. Vikiwa vijidudu vya madoa meupe vya baharini, wengi hutumia shaba, takriban miligramu 0.2 kwa lita, ikipimwa kila siku. Lakini papa na taa hawaivumilii shaba, wala kamba na matumbawe. Kidonda kirefu hutaka antibiotiki, na sindano yake huchomwa msulini mgonjwa akiwa bado amelala.

Papa wa aina nyingi wana njia yao: ukimpindua chali huduwaa bila dawa yoyote, akaweza kuchukuliwa damu. Ila kuduwaa si kutosikia maumivu, na kwa kukata au kushona sitaona sababu ya kumnyima nusukaputi.

Kazi ikiisha, chewa hurudishwa kwenye maji safi yenye oksijeni tele na kushikiliwa wima. Kwanza vifuniko vya matamvua hushika kasi, kisha mapezi ya kifuani hucheza, halafu anajikwamua mikononi mwa mzamiaji na kutafuta kona yenye giza.