Kusafisha vifurushi vya Python: yanayosemwa mitaani Tanga na ukweli wake

Vijana wengi wanaojifunza kuandika programu kwa lugha ya Python hapa Tanga, Ngamiani na Chumbageni, wanatumia laptop za mtumba zenye diski ndogo. Diski ikijaa, kila rafiki ana ushauri. Baadhi ya ushauri huo unaua mashine.

Dhana: Ukitoa kifurushi kwa pip (zana ya kuweka na kutoa vifurushi vya Python), kinaondoka na vyote vilivyokuja nacho.

Ukweli: `pip uninstall pandas` inaitoa pandas, kifurushi cha kuchambua data, peke yake. Numpy, python-dateutil na six zilizoingia pamoja nayo zinabaki. Waja leo waondoka leo wamo mjini Tanga, si ndani ya pip. Andika `pip list --not-required` uone vifurushi visivyotegemewa na kingine chochote. Usichokihitaji kitoe, kisha orodhesha tena, maana six haitajitokeza hadi python-dateutil iwe imeondoka. Maliza kwa `pip check`, ikuambie kama umekata kilichokuwa kinahitajika.

Dhana: Pip ikigoma, weka sudo (amri ya kutumia mamlaka ya msimamizi wa mashine).

Hii ndiyo inayoniuma zaidi. Python iliyoko `/usr/bin` ni ya mfumo, na zana nyingi za Ubuntu, mfumo wa aina ya Linux, zinaitegemea. Vifurushi vya apt (zana ya mfumo ya kusakinisha programu) hukaa `/usr/lib/python3/dist-packages`. Vya sudo pip huingia chini ya `/usr/local/lib`, na Python husoma huko kwanza. Toleo lako jipya linalifunika la mfumo, na zana iliyokuwa ikifanya kazi jana inaanza kutoa makosa usiyoyaelewa. Ndiyo maana kuanzia Debian 12 (ndugu ya Ubuntu) na Ubuntu 23.04 pip inakataa na kukuandikia `externally-managed-environment`. Usiilazimishe kwa `--break-system-packages`.

Tumia venv, folda inayotenga vifurushi vya mradi mmoja, iliyomo ndani ya Python tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012. Sakinisha `python3-venv` kwa apt, ingia kwenye folda ya mradi, andika `python3 -m venv .venv`, kisha `source .venv/bin/activate`. Mradi ukiisha, hifadhi orodha kwa `pip freeze > requirements.txt`, halafu futa folda ya `.venv` yote. Hakuna masalia ya kuwinda.

Dhana: Ondoa python3 kwa apt upate nafasi.

Usithubutu. Soma orodha ya vitakavyoondoka nayo kabla ya kubonyeza Y. Ukiwasha tena unaweza kukuta skrini nyeusi yenye maandishi matupu.

Dhana: Kufuta kashe (akiba ya mafaili) ya pip kunaharibu programu.

Hakuharibu. `~/.cache/pip` ina nakala za vilivyopakuliwa tu. `pip cache info` inaonyesha ukubwa wake na `pip cache purge` inaifuta. Ila kwa anayenunua bando, mimi nashauri asiifute bila shida ya nafasi: kifurushi kama torch ni mamia ya megabaiti, na venv mpya itakichukua kwenye kashe bila kukipakua upya.