Nenosiri si ruhusa ya kuchungulia

Ofisi nyingi za maeneo ya Posta na Kariakoo, Dar es Salaam, huamini kwamba mtu wa IT ana haki ya kuona kila kitu. Uwezo anao, haki ni jambo jingine. Nenosiri la msimamizi hutolewa kwa kazi: kurekebisha seva, kufungua akaunti iliyojifunga, kuhifadhi nakala. Akisoma barua pepe za mhasibu kwa umbeya tu, ametoka nje ya kazi hiyo. Sheria ya Tanzania ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuingilia mfumo isivyo halali, na ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka taarifa zitumike kwa lengo lililofanya zikusanywe. Na bosi akisema “hebu nichungulizie za fulani”? Mtu wa IT aombe agizo kwa maandishi, lenye sababu. (Mara nyingi agizo hufia hapo.)