Filamu ya kambi iliyozingirwa ni nini? Tuitazame kupitia Jadotville, 1961

Filamu ya kambi iliyozingirwa ni aina ya filamu ya vita ambamo askari wachache wanashikilia kituo kimoja kilicho mbali na wenzao, adui amewazunguka, na hadithi nzima inabebwa na swali moja: watahimili mpaka lini? Humu hamna majenerali wanaosogeza majeshi kwenye ramani. Kuna handaki, lango, paa ambalo mlinzi amelala kifudifudi juu yake, na barabara moja tu ambayo msaada ukija utapita hapo.

Aliyekulia kwenye vibanda vya video anazijua kanuni mbili za picha la vita la kawaida: stelingi hafi, na risasi zake haziishi. Aina hii ya filamu inaivunja kanuni ya pili kwa makusudi. Risasi zinaisha, na mtazamaji anazihesabu pamoja na askari. Anahesabu na maji, bandeji, betri za redio, na saa walizokaa bila kulala. Usingizi hasa ndio unaotofautisha filamu nzuri na mbaya katika aina hii. Mwongozaji asiyejua kazi anamwonyesha askari wa siku ya nne akiwa na macho maangavu kama ya siku ya kwanza. Anayejua anamwonyesha akisahau alichotaka kusema katikati ya sentensi.

Wingi wa adui peke yake hautoshi kuifanya filamu iwe ya aina hii. Askari 100 wanaopigana na 1,000 huku kikosi kingine kiko nyuma ya kilima hawajazingirwa, wamezidiwa tu. Kinachohitajika ni upweke: mahali palipokatwa, ambapo sauti ya redio inafika lakini mtu hafiki. Ndiyo maana chumba cha redio ni muhimu pengine kuliko bunduki. Huko ndiko tunakosikia wakubwa wakisema msaada uko njiani, na huko ndiko tunakoanza kuwashuku. Na hapo pana swali la pili, zito kuliko lile la kwanza: nani aliwaweka watu hawa mahali hapa, na kwa sababu gani?

Filamu inayoyaweka maswali yote mawili mezani ni The Siege of Jadotville, iliyotoka mwaka 2016, mwongozaji wake Richie Smyth, naye Jamie Dornan akiigiza kama Pat Quinlan, kamanda wa kombania ya jeshi la Ayalandi. Inasimulia tukio la kweli, na tukio lenyewe halikuwa mbali nasi. Jadotville ndiyo Likasi ya leo, mji wa migodi katika eneo la Katanga, kusini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zaidi ya kilomita 100 kaskazini-magharibi mwa Lubumbashi, ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na ya mgodini.

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Tarehe 11 Julai, hata wiki mbili hazijatimia, Moïse Tshombe, kiongozi wa jimbo la Katanga, akatangaza kwamba Katanga imejitenga. Nyuma yake walisimama maofisa wa Kibelgiji, mamluki kutoka Ulaya na kusini mwa Afrika, na fedha za Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyochimba shaba na kobalti ya jimbo hilo. Karibu na Jadotville kuna mgodi wa Shinkolobwe, ambao ulitoa sehemu kubwa ya urani ya mradi wa Marekani wa bomu la atomiki wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mji huo haukuwa kichaka kisicho na maana. Watu wa mbali walikuwa na sababu za kuutaka.

Umoja wa Mataifa ulituma majeshi Kongo, na mwanzoni mwa Septemba 1961 kombania A ya batalioni ya 35 ya Ayalandi, watu wapatao 155, ikapelekwa Jadotville. Waliambiwa kwamba wanakwenda kuwalinda wakazi wa kizungu waliokuwa hatarini. Walipofika wakakuta wakazi hao hawawataki. Wengi wao walikuwa upande wa Tshombe, na waliwaona askari wa Umoja wa Mataifa kuwa ndio adui. Hapo ndipo Quinlan alipofanya jambo lililowaokoa watu wake: aliamuru wachimbe mahandaki kabla ya risasi hata moja kupigwa. Kuchimba ardhi ngumu ya kiangazi juani, kwa ajili ya vita ambayo haijatangazwa, ni amri inayomletea kamanda manung'uniko.

Asubuhi ya tarehe 13 Septemba, wakati askari wengi wakiwa kwenye misa, jeshi la Katanga likashambulia. Alfajiri ya siku hiyo hiyo, huko Elisabethville (ndiyo Lubumbashi), Umoja wa Mataifa ulikuwa umeanzisha Operesheni Morthor, ya kuuvunja utawala wa Tshombe kwa nguvu. Uamuzi ulifanyika mjini, na kombania iliyokuwa mbali ndiyo iliyolipa. Filamu inalieleza hili kwa uwazi unaostahili sifa: tunahama kutoka handakini kwenda ofisini kwa Conor Cruise O'Brien, mwakilishi wa Umoja wa Mataifa katika Katanga, kisha tunarudi handakini, na kila tukirudi tunakuta vumbi limeongezeka.

Yaliyofuata yanafanana na orodha ya sehemu zote za aina hii ya filamu, ila yalitokea kweli. Maji ya bomba yalikatwa. Ndege moja ya kivita ya Katanga, Fouga Magister, iliwashambulia kutoka juu, na Umoja wa Mataifa haukuwa na ndege ya kivita ya kuikabili. Helikopta ilipofanikiwa kutua na maji, maji yenyewe yalikuwa kwenye madumu yaliyokuwa yamebeba mafuta, hayanyweki. Kikosi cha kuwaokoa, chenye Waayalandi pamoja na askari wa India na Sweden, kilikwama kwenye daraja la mto Lufira, kikajaribu tena, kikashindwa tena, na huko askari wa India wakapoteza maisha. Daraja lile ndilo ile barabara moja niliyoitaja mwanzoni. Filamu ya kambi iliyozingirwa karibu kila mara ina Lufira yake.

Tarehe 17 Septemba, risasi zikiwa zimekwisha na maji hayapo, Quinlan alisalimu amri. Hakuna Mwayalandi hata mmoja aliyekuwa ameuawa pale Jadotville. Waliojeruhiwa ni watano. Usiku huo huo wa kuamkia tarehe 18, ndege ya Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld, aliyekuwa akienda kuonana na Tshombe kutafuta kusitisha mapigano, ilianguka karibu na Ndola, katika Zambia ya leo, naye akafa. Askari wa Quinlan walishikiliwa mateka mpaka Oktoba.

Hapa dhana yenyewe inajifunua vizuri. Hadithi ya kuzingirwa ina njia nne tu za kutokea: msaada unafika, adui anaondoka, wote wanakufa, au wanasalimu amri. Tatu za kwanza sinema inazipenda. Ya nne inaikwepa, kwa sababu ni vigumu kumfanya shujaa mtu aliyepandisha kitambaa cheupe. Na jambo linaloniuma ni kwamba watu wa Jadotville waliumizwa na hadithi hizo hizo. Waliporudi nyumbani walikuta wamewekewa mizani ya kwamba askari wa kweli angekufa handakini. Jeshi lao lilikaa kimya, wengine waliwaita waoga, na medali ambazo Quinlan aliwaombea watu wake hazikutolewa. Alifariki mwaka 1997. Kombania ilitunukiwa heshima ya pamoja mwaka 2016, mwaka ule ule wa filamu, na medali zikatolewa Desemba 2017, miaka 56 baada ya tukio. Kamanda aliyewarudisha watu wake wote kwa mama zao alipaswa kupokewa kwa ngoma.

Ukizishika njia hizo nne, utaweza kuisoma filamu yoyote ya aina hii na kuona pale ilipoiacha historia. Filamu ya Kirusi ya 2005 kuhusu Kombania ya 9, iliyojengwa juu ya pambano la Kilima 3234 nchini Afghanistan la Januari 1988, inachagua njia ya tatu: mtu mmoja tu anabaki hai. Katika pambano la kweli walikuwa askari 39 wa Kisovieti, wakafa 6, na kilima hakikuchukuliwa. Ushindi mgumu uligeuzwa kuwa maangamizi kwa sababu mtengenezaji alitaka kusema jambo kuhusu dola iliyowasahau watoto wake.

Zulu ya 1964 ilichagua njia ya pili. Inahusu Rorke's Drift, Januari 1879, ambapo Waingereza wapatao 150 walishikilia kituo kidogo cha misheni mbele ya wapiganaji 3,000 au zaidi wa Kizulu. Mwishoni Wazulu wanasimama kilimani na kuwaimbia Waingereza saluti ya ushujaa. Saluti hiyo haikuwepo. Kilichokuwepo baada ya pambano, na ambacho filamu haikionyeshi, ni majeruhi wa Kizulu kuuawa pale walipolala. Lipo na jambo kubwa zaidi: Waingereza ndio walioivamia nchi ya Wazulu. Anayezingirwa ndani ya nyumba ya mtu mwingine anaonekana mnyonge, na kamera ikikaa naye muda wa kutosha tunasahau kwamba aliingia bila kukaribishwa.

The Outpost, ya mwaka 2020, ilichagua njia ya kwanza: msaada unafika. Kambi ya Keating ya jeshi la Marekani, katika jimbo la Nuristan nchini Afghanistan, ilijengwa chini ya bonde lenye milima pande zote, kiasi kwamba adui alikuwa akiitazama kutoka juu mchana kutwa. Filamu inatumia nusu yake ya kwanza kukuzoesha kambi na hiyo milima, na hofu inaingia taratibu. Tarehe 3 Oktoba 2009 walishambuliwa na mamia ya Wataliban, Wamarekani 8 wakafa, na ndege ndizo zilizowaokoa waliobaki. Uongozi ulikuwa tayari umeamua kuifunga kambi hiyo kabla ya shambulio. Siku chache baadaye waliihama, na ndege za Marekani zikaipiga mabomu.

Udhaifu mkubwa wa aina hii ya filamu unatokana na nguvu yake. Kamera inakaa ndani ya ukuta. Walio ndani wana majina, picha za wachumba, mzaha wao na ugomvi wao. Walio nje ni vivuli vinavyokimbia na kuanguka. Katika filamu ya Jadotville, Wakatanga wanakufa kwa makumi bila kuzungumza, na sura ya adui amepewa mamluki Mfaransa. Mtazamaji wa Lubumbashi au Kigoma ana haki ya kuuliza: vijana wale walikuwa akina nani? Jeshi la Katanga lilikuwa na Waafrika waliosajiliwa, wakiongozwa na wazungu wa kulipwa, katika jimbo ambalo lenyewe halikuwa kitu kimoja. Waluba wa kaskazini walikuwa wakipigana na Tshombe, na maelfu yao walikuwa wakimbizi kambini Elisabethville wakati huo huo. Kijana aliyetumwa kulikimbilia handaki la Quinlan alikuwa na mama, na huenda aliagwa kwa Kiswahili. Filamu, kwa uzuri wake wote, haikumpa hata sentensi moja.

Hapa kwetu dhana hii haikuishia 1961, wala haikubaki kwenye skrini. Tarehe 7 Desemba 2017, jioni, kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa huko Semuliki, eneo la Beni, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa na watu waliodhaniwa kuwa waasi wa ADF, kundi lenye silaha lililoanzia Uganda. Waliokuwa kambini wengi wao walikuwa Watanzania, na wasiopungua 14 waliuawa. Mapigano yalidumu saa nyingi. Nchi hiyo hiyo ya Kongo, kofia za bluu zile zile, kambi iliyo mbali na wenzake, na Katibu Mkuu António Guterres akalieleza kuwa shambulio baya kuliko yote dhidi ya walinda amani wa umoja huo katika historia ya karibuni.

Mwongozaji wa Dar es Salaam au Bukavu atakayeamua kuisimulia Semuliki atakuwa na jambo ambalo Smyth hakuwa nalo: Kiswahili kinasemwa pande zote mbili za ukuta. Askari ndani anakisema, mkulima anayeishi kando ya kambi anakisema, na muuza ndizi wa barabarani naye pia. Akianza na huyo mkulima, wiki moja kabla ya shambulio, akiwapita walinzi getini na kusalimiana nao, ukuta utakuwa na pande mbili tangu picha ya kwanza.