Shahada ya uzamili ya sayansi ya ubongo na ukokotoaji: yanayodhaniwa na yaliyopo

Mtu akisema anasomea uzamili katika sayansi ya neva ya utambuzi na ukokotoaji, yaani fani inayoeleza kwa hesabu na kompyuta jinsi ubongo unavyofanya kazi, swali la kwanza analoulizwa nyumbani huwa ni atatibu magonjwa gani. Hatatibu. Shahada hii haimpi mtu leseni ya udaktari, wala haimlazimu aingie akiwa amesomea udaktari au biolojia. David Marr, mtafiti wa ubongo ambaye mawazo yake kuhusu ngazi tatu za kuuchunguza ubongo bado hufundishwa mapema katika kozi nyingi, alianzia kwenye hisabati pale Cambridge. John Hopfield ni mwanafizikia, na Geoffrey Hinton, aliyegawana naye Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2024 kwa kazi yao juu ya mitandao ya kompyuta inayoiga ubongo, alisoma saikolojia katika shahada yake ya kwanza.

Kinachowakwamisha wengi si majina ya sehemu za ubongo, ambayo hukaririka, bali ni hesabu: matrisi (majedwali ya namba), uwezekano, na milinganyo inayoeleza jinsi kitu kinavyobadilika kadiri muda unavyopita. Chukua zoezi la kawaida la mwanzo, yaani niuroni (seli ya neva) moja iliyorahisishwa kwa kufuata wazo la Louis Lapicque la mwaka 1907. Tuseme utando wake ukitulia una milivolti −70, ukinzani wake ni megaomu 10, kipindi chake cha kuitikia ni milisekunde 20, na volteji ikigusa −55 niuroni inafyatua, yaani inatoa mpigo mfupi wa umeme. Ukiipa mkondo wa nanoampea 1, volteji hupanda taratibu kuelekea −60, ikabaki pale, kimya kabisa. Ukiongeza hadi nanoampea 2, baada ya milisekunde zipatazo 28 inafyatua, inarudi chini na kuanza upya. Mwanafunzi anayeweza kuonyesha kwa kalamu na karatasi kwamba mpaka uko kwenye nanoampea 1.5 yuko tayari kwa kozi, hata kama hajawahi kushika darubini. Asiyeweza, miezi ya mwanzo itamwia migumu, na ni heri aambiwe kabla hajalipa ada.

Dhana iliyoota mizizi kuliko zote ni kwamba picha za rangi zinazotolewa na MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, huonyesha mawazo. Mbinu hiyo, ambayo msingi wake uliwekwa na Seiji Ogawa na wenzake mwaka 1990, hufuatilia mabadiliko ya oksijeni katika damu. Niuroni hufyatua kwa muda wa takriban milisekunde moja, ilhali damu hufikia kilele chake sekunde tano hivi baadaye, kwa hiyo tunachokiona ni mwangwi uliochelewa. Zile rangi nazo ni matokeo ya takwimu. Ukiugawa ubongo katika vijisanduku 50,000 na kukubali kosa moja katika kila vipimo 1,000, vijisanduku 50 hivi vitawaka kwa bahati tu. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake waliwasilisha jaribio ambalo ndani yake samaki wa samoni aliyekwisha kufa aliwekwa kwenye mashine, akaonyeshwa picha za watu, na “akaulizwa” watu hao wanahisi nini. Bila kusahihisha makosa ya bahati yatokanayo na wingi wa vipimo, sehemu fulani ya ubongo wa samaki yule ilionekana kufanya kazi, waliposahihisha, ikatoweka. Ni kichekesho, ila sijui somo jingine linaloingia kichwani upesi kama hilo.

Wapo pia wanaoichukulia fani hii kuwa jina jingine la akili unde. Zimekopeshana mengi, hilo ni kweli: mwaka 1997 Schultz, Dayan na Montague walionyesha kwamba niuroni za nyani zinazotoa dopamini, kemikali mojawapo ya ubongo, hufuata mlinganyo wa kujifunza uliokwisha kutumiwa kwenye mashine, unaopima tofauti kati ya tuzo iliyotarajiwa na iliyopatikana. Hata hivyo, mhandisi huridhika programu yake ikifanya kazi, ilhali mtafiti wa ubongo hana budi kuthibitisha kwamba ubongo wenyewe hufanya hivyo.

Kuhusu vifaa, hofu imezidi kiasi. Andrew Huxley alipokokotoa mwenendo wa umeme katika neva ya ngisi, kazi iliyochapishwa mwaka 1952, kompyuta ya Cambridge ilikuwa haipatikani, akatumia mashine ya kukokotoa inayozungushwa kwa mkono. Leo kompyuta ndogo ya mkononi humaliza hesabu zile kufumba na kufumbua, programu ya NEURON, inayoiga niuroni kwenye kompyuta, hupatikana bure, na kumbukumbu za vipimo vya ubongo zimewekwa wazi mtandaoni. Mafunzo ya Neuromatch, yaliyoanza mwaka 2020, hutoa masomo yake yote kwa kutumia Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, bila malipo, na tangu mwaka 2017 Cape Town imekuwa na Imbizo, shule fupi ya fani hiihii, jambo ambalo waombaji wa kwetu wanapaswa kulijua kabla ya kutazama Ulaya.

Gharama ni suala halisi, lakini hazilingani kila mahali. Uzamili wa Uingereza huchukua mwaka mmoja na ada yake kwa mgeni ni kubwa; Berlin huchukua miaka miwili, na vyuo vyake vya umma havitozi ada ya masomo, ingawa chuo cha Tübingen, kilicho katika jimbo la Baden-Württemberg hukohuko Ujerumani, humtoza mwanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Nchini Marekani programu nyingi za uzamivu humpokea mwenye shahada ya kwanza moja kwa moja na kumlipa posho, kwa hiyo anayekopa ili apate uzamili kwanza huenda analipia ngazi ambayo hakuhitaji kuipanda.