Kwa nini V8 inakula mafuta hata ikienda pole pole Darajani

Land Cruiser 100 yenye injini ya 2UZ-FE, ile V8 (silinda nane) ya lita 4.7, ikipata kilomita 5 kwa lita kati ya Mwanakwerekwe na Darajani, haina ugonjwa. Ndivyo ilivyoumbwa. Ikipata 3.5, hapo pana kitu. Wenye magari makubwa wengi hapa Unguja na Pemba hubadilishiwa vifaa vizima vikaachwa vibovu, kwa sababu hakuna aliyepima kabla ya kushika spana.

Na kupima si kusema "natia elfu hamsini, siku mbili imekwisha". Bei ya mafuta hutangazwa kila mwezi na ZURA, mamlaka ya maji na nishati Zanzibar, na hubadilika, kwa hiyo shilingi haikwambii kitu. Jaza tangi mpaka bomba la sheli lijikate lenyewe, kisha usiongeze hata tone. Rudisha mita ya safari kwenye sifuri. Tembea si chini ya kilomita 200, halafu rudi kwenye pampu ile ile ujaze tena mpaka ijikate. Gawa kilomita kwa lita zilizoingia: kilomita 214 kwa lita 38.6 ni 5.5 kwa lita. Kama gari imevalishwa matairi makubwa, sahihisha kwanza. Ukitoa 275/65R17 ukatia 285/70R17, tairi limeongezeka kipenyo kwa asilimia 5 hivi, na mita huandika kilomita 95 ukiwa umetembea 100. Hapo gari huonekana inakula zaidi kuliko inavyokula kweli.

Namba ya Kijapani ya ulaji wa mafuta inayokuja na gari usiitegemee. Magari mengi yanayoshuka bandari ya Malindi yalipimwa kwa mtindo wa Kijapani uitwao 10-15, ambao injini huanza ikiwa imeshapata moto na mwendo hauzidi kilomita 70 kwa saa. Hakuna kiyoyozi wala foleni ya jioni katika kipimo hicho.

Sasa kwa nini injini kubwa inywe hata pale isipokimbia? Injini ya petroli hupunguzwa nguvu kwa kubanwa pumzi. Gari nzito ya aina hii ikienda kilomita 40 kwa saa kwenye tambarare inahitaji kama nguvu za farasi 7 tu, na injini ina zaidi ya 200. Kwa hiyo kipepeo cha throto, mlango wa hewa ya injini, kinakaa karibu kufunga, na pistoni nane zinavuta hewa isiyopatikana, mfano wa mtu anayefyonza mrija uliozibwa kwa kidole. Juhudi hiyo nayo inalipiwa kwa mafuta. Ikisimama kwenye taa kiyoyozi kikiwaka, V8 hula lita moja na nusu hadi mbili kwa saa bila kusogea. Injini zenye tabo (turbo) zina jambo la ziada: ukikanyaga kwa nguvu, kompyuta huongeza mafuta kutoka uwiano wa hewa kwa petroli wa 14.7 kwa 1 mpaka karibu 12 kwa 1, ili pistoni na tabo zisiungue. Hiyo ni kinga. Usimruhusu mtu akuzimie.

Matuta ndiyo yanayoumiza zaidi. Gari ya tani mbili na nusu ikipunguza hadi kilomita 10 na kurudi kwenye 50 inatumia takriban mililita 30 za petroli kwa tuta moja. Njia yenye matuta thelathini ni karibu lita nzima, na mwendo ulioulipia huishia kuwa joto kwenye breki. Dawa ni kuachia pedali ya mafuta mapema ukaliona tuta kwa mbali, badala ya kuliendea mbio ukafunga breki juu yake.

Baada ya hapo ndipo huanza kutafuta ubovu, na cha kwanza ni themostati, valvu inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Mafundi wengi huitoa wakisema nchi yetu ya joto haiihitaji. Ni kosa kubwa. Kwenye V8 za Toyota inafunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Isipokuwepo, au ikikwama wazi, maji huzunguka rejeta tangu asubuhi, injini haipati moto, na kompyuta inaendelea kumwaga mafuta mengi kana kwamba gari imewashwa sasa hivi. Safari zetu fupi huzidisha hasara. Chomeka mashine ya kupimia chini ya usukani usome joto: baada ya dakika kumi za mwendo liwe juu ya 80. Namba ya hitilafu (code) P0128 kwenye mashine husema jambo hilo hilo.

Kwenye mashine hiyo hiyo angalia LTFT, asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza (chanya) au kupunguza (hasi) ili kurekebisha mchanganyiko. Ndani ya 10, juu au chini, usihangaike. Ikiwa chanya 20, mara nyingi na P0171 au P0174, tafuta hewa inayoingia kwa siri kwenye mipira, sensa ya hewa iliyochafuka, au pampu ya mafuta iliyochoka. Ikiwa hasi 20 na P0172, shuku nozeli (kinachopuliza petroli kwenye injini) inayovuja. Sensa ya hewa husafishwa kwa dawa yake ya kupulizia tu. Usiiguse kwa kitambaa wala brashi, waya wake ni mwembamba kama unywele. Filta chafu ya hewa, kwa upande mwingine, kwenye injini ya nozeli hupunguza nguvu zaidi kuliko inavyoongeza ulaji. Ibadilishe, lakini usitarajie miujiza.

Hewa ya bahari nayo haitusamehi. Pini za kalipa, kile kinachobana pedi za breki, huota kutu, breki ikashika kidogo muda wote. Ukitoka safari ambayo hukufunga breki sana, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa: moja ikiwa na moto kuliko wenzake, ndiyo hiyo. Fungua, safisha pini, paka grisi ya silikoni.

Toyota Mark X na Crown zenye injini ya 4GR-FSE ni habari nyingine. Nozeli zake hupuliza moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo petroli haioshi valvu za kuingizia hewa, na masizi hujijenga pale. Dawa ya kutia kwenye tangi haiwezi kufika huko. Lazima manifoldi, mabomba ya kuingizia hewa, ishuke zisafishwe kwa mkono au kwa mashine.

Kwa wenzetu wa Pemba, kwenye miteremko ya njia ya Mkoani na Chake, usitie N (gia huru). Gia ikiwa D na mguu umeachia, kompyuta hufunga nozeli kabisa, ulaji ni sifuri. Ukitia N, injini inabidi ile mafuta ili isizimike, na breki hubeba mzigo wote peke yake. Mteremko ukiwa mkali, shusha gia moja.