Poplar, London: parokia iliyobeba maskini wa bandari

Ukisoma historia ya mitaa ya London utakutana na neno parokia kila mara, na si habari za kanisa peke yake. Parokia ilikuwa pia serikali ya mtaa. Sheria ya maskini ya mwaka 1601 iliitaka kila parokia iwatoze kodi wenye nyumba na ardhi ndani ya mipaka yake, ili iwatunze yatima, wagonjwa na wazee wake yenyewe. Parokia ya jirani ikilemewa, shauri yake.

Ubaya wa mpango huo ulionekana waziwazi Poplar, ukingoni mwa mto Thames mashariki mwa jiji. Kilikuwa kitongoji cha parokia ya Stepney hadi kilipokuwa parokia kamili mwaka 1817. Bandari ndiyo iliyokikuza. West India Docks ilifunguliwa mwaka 1802, ikipokea sukari iliyolimwa na watumwa wa visiwa vya Karibi. East India Docks ikafuata mwaka 1806. Makuli walioshusha shehena hiyo walikuwa vibarua. Kulipokucha walisongamana getini, msimamizi akachagua awatakao, na waliobaki wakarudi nyumbani mikono mitupu. Mgomo mkubwa wa mwaka 1889 uliwapatia peni sita kwa saa, lakini siku isiyo na meli bado ilikuwa siku ya njaa.

Faida ya meli iliwaendea matajiri walioishi kwingine, ilhali wasio na kazi walikuwa mzigo wa Poplar. Maskini walitozwa kodi kubwa kuwalisha maskini wenzao, na mitaa ya kitajiri ya magharibi, yenye majumba ya thamani na wahitaji wachache, ilitozwa kidogo. Huo ulikuwa uonevu, hata kama ulikuwa halali.

Poplar ikawa halmashauri mwaka 1900, na sehemu kubwa ya mzigo ikabaki palepale. Mwaka 1921 madiwani wake, wakiongozwa na George Lansbury, waligoma kupeleka fedha walizodaiwa na mamlaka za London nzima. Madiwani 30 walifungwa, watano kati yao wanawake, na vikao vya halmashauri vikaendelea ndani ya gereza la Brixton. Baada ya wiki sita hivi waliachiwa, na Bunge likapitisha sheria ya kugawana gharama za maskini kati ya mitaa yote ya London.